Manyoya ya Mgeni

Baba alimfua chinchila siku ya Jumanne, baada ya mashati na kabla ya mapazia. Alitumia beseni la kijani, maji ya uvuguvugu na sabuni ya nguo za sufu, akamsuuza mara mbili, na kwa kuwa mkono wa dobi una mazoea yake, kwenye maji ya mwisho akatia wanga kidogo. Kisha akamkunja ndani ya taulo, akamweka karibu na pasi ya mvuke apate joto, akarudi kwenye mapazia. Tangu ujana wake alikuwa hajakutana na uchafu ulioyashinda maji.

Chinchila hafuliwi. Muuzaji alilisema hilo siku mnyama aliponunuliwa, na Dada alilirudia mezani kila alipopata mtu wa kumsikiliza, yaani mara chache. Ni mnyama wa milima ya baridi na ukavu, mdogo kama mkate, masikio ya duara, mkia wa kichaka. Manyoya yake yamebanana kupita kiasi. Kinyweleo kimoja kinatoa nywele hamsini na zaidi, kwa hiyo maji yakishaingia hayaoni pa kutokea. Huoga kwa kugaagaa kwenye vumbi laini. Baba alipoelezwa hivyo alisema hajawahi kuona kitu kinachosafishwa kwa vumbi, na kwamba wauzaji wanatafuta tu watu wa kuwauzia vumbi.

Familia iliishi juu ya duka lao la udobi. Chini kulikuwa na mashine, meza ndefu za kupigia pasi na kaunta ya wateja. Juu kulikuwa na vyumba, na kati ya juu na chini ngazi ya mbao iliyopitisha mvuke kutwa nzima. Baba alikuwa amestaafu kazi zote isipokuwa zile alizokatazwa. Mtoto wake wa kiume aliitwa Meneja, kwa sababu siku aliyomaliza masomo alitangaza kwamba biashara hii inahitaji meneja, akavuta kiti akakaa. Mke wa Meneja, ambaye Dada alimwita Wifi, ndiye aliyemtamani chinchila baada ya kumwona kwenye simu. Meneja alimnunua kwa makubaliano kwamba watamjaribu wiki moja, wasipompenda atarudishwa. Ndiyo maana mnyama aliitwa Mgeni. Wiki ilipita, na hakuna aliyekumbuka kuamua kama wanampenda.

Dada alikuwa mkubwa wa Meneja kwa miaka mingi. Kila mtu alimwita Dada: wateja, msoma mita, hata wazazi wake mwenyewe. Dada ndiye aliyefua, akakamua, akaanika, akapiga pasi na kukunja, na baada ya hapo alipanda juu kupika, akisaidiwa na Mama, ambaye magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Kumlisha Mgeni nyasi kavu kuliangukia mikononi mwa Dada bila mtu kutamka neno.

Lakini mwanzo wa mwezi Dada alikuwa anaondoka. Hospitali moja kubwa, mji mwingine, ilikuwa imempa kazi ya kusimamia kitengo cha kufulia, pamoja na chumba cha kuishi chenye dirisha moja na mlango wenye komeo kwa ndani. Aliitaka kazi hiyo kwa moyo wake wote, na komeo hilo alilitaka zaidi kidogo. Alipowaambia mezani, wote walimpongeza. Baba alisema ni heshima kwa familia. Meneja alisema asiwe na wasiwasi, watagawana kazi. Wifi alisema Mgeni atamhudumia yeye, kwani si wake? Mama alimwongezea Dada chakula. Kufuliwa kwa Mgeni ndiko kulikokuwa mwanzo wa kugawana kazi.

Kufikia Alhamisi mgongo wa Mgeni ulikuwa bapa moja gumu, kama kola ya shati la sherehe. Dada akafunika kizimba chake kwa kitambaa, akampeleka kwa daktari wa mifugo, mtu mrefu aliyezoea ng'ombe, ambaye alilazimika kukaa chini ili amwone. Daktari alipuliza manyoya kutafuta ngozi, asiipate.

"Huyu amefuliwa," alisema.

"Amefuliwa."

"Na wanga?"

"Kidogo."

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. "Usikate kwa mkasi," alisema. "Ngozi yake nyembamba, utaikata ukidhani ni manyoya. Shika shina la fundo kwa vidole viwili, ili usimvute. Chana kuanzia nchani, uingie ndani kidogo kidogo. Akae pakavu, pasiwe na joto. Mpe vumbi lake agaegae. Na asishtuliwe. Akishtuka huachia manyoya, bonge zima likabaki mkononi mwako."

"Nikiyaacha hivyo hivyo?"

"Ngozi itaoza chini kwa chini. Mnyama wa ukubwa huu hana muda wa kusubiri watu."

Chumba pekee kikavu na cha ubaridi katika nyumba ile kilikuwa cha Dada. Mgeni akahamishiwa humo. Baba akasema viumbe wawili wakipumua chumba kimoja wanaleta unyevu, basi Dada akahamishia godoro lake kwenye chumba cha pasi, ambako unyevu ulikuwa umeshajileta wenyewe.

Mchana ule ule gari la hoteli lilileta mashuka. Kwa miaka yote honi ya gari lile ilipolia nyumba ilikuwa ikitawanyika. Baba alikumbuka rafiki anayeumwa, Meneja alikumbuka benki, na Wifi aliumwa na kichwa. Safari hii honi ililia, nyumba ikanyamaza kama kawaida, ila hakuna aliyeonekana akitoka mlangoni. Dada na Mama wakashusha mafurushi. Mama alipochoka Dada alimwambia apande akapumzike, akamalizia mwenyewe, akiwa amekasirika kwa namna yake, yaani kwa kukunja pembe za mashuka zikanyooka kuliko ilivyohitajika.

Jioni alipanda na kitana. Alimweka Mgeni juu ya taulo mapajani, akashika shina la fundo lililokuwa nyuma ya sikio la kushoto, akaanza nchani. Ndani ya fundo alikuta kifungo cha shati. Baadaye akakuta kijiti cha meno. Baadaye akakuta ncha ya mkono wa shati, la mistari, ambalo alilipiga pasi mwenyewe asubuhi. Akavuta polepole, kitana kikitangulia, na Meneja akatoka, mkono, bega, kisha mwili mzima, alama za usingizi zikiwa bado shavuni.

"Umo humo tangu saa ngapi?" Dada aliuliza.

"Tangu honi." Meneja alipiga mwayo. "Mle ndani pana joto zuri, Dada. Halafu pakavu. Hapa nje mvuke umezidi."

"Mashuka yameisha."

"Nilijua utayaweza tu. Chakula tayari?"

Fundo la karibu na mkia lilikuwa kubwa zaidi na lilinukia mafuta ya kuchua mgongo, basi Dada alijua ni nani kabla hajamfikia. Alipotokeza kisogo, Dada akaacha kuchana, kwa kuwa siku nzima walikuwa hawajaonana.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu," Baba alijibu akijikung'uta nywele za kijivu magotini. "Hicho kitana chako kina meno makali. Ungetumia kile kipana."

"Kipana hakifiki chini."

"Ndiyo maana nasema ungetumia kipana."

Wifi alikuwa kwapani mwa mnyama, mahali pabaya kufika kuliko pote. Alitoka akiwa na simu yake mkononi, akasema mle hakuna mtandao.

Tangu siku hiyo kazi ya Dada ikawa na hatua moja ya ziada. Asubuhi alifua, mchana alipiga pasi, jioni aliichana familia yake kutoka kwenye manyoya ili waje kula. Wanga wa Baba ulikuwa umeshatoka wote kwa vumbi, ila mafundo hayakupungua. Kila aliyeingia aliyasokota manyoya nyuma yake, kama mtu anayevuta pazia, na hapo ndipo fundo lilipojifunga. Dada alikuja kuyatambua kwa umbo. La Meneja lilikuwa kubwa, legelege, limefungwa ovyo. La Baba lilikuwa gumu na lilitaka kubembelezwa. La Wifi lilikuwa dogo na kila siku lilihama.

Alimrudisha Mgeni kwa daktari. Daktari akampima, akasema uzito ni ule ule wa kawaida.

"Kuna watu watatu humo ndani," Dada alisema.

"Watu wa namna hiyo hawana uzito," alisema daktari, akimgeuza Mgeni tumbo juu. "Nina mteja mwingine ana sungura. Ila sungura hachukui zaidi ya mmoja, na lazima awe mwembamba. Hapa chini ya kwapa pameshaanza kuwa pekundu, unaona? Sio kwamba anawachukia. Anaumia tu. Mchane kila siku, au wafundishe wenyewe."

Kuwafundisha ndilo lililokuwa wazo la Dada tangu mwanzo. Jumamosi alifunga duka mapema, akawakalisha chumbani, akampa Wifi kitana na kumweka Mgeni mapajani pake, kwa kuwa ndiye mwenye mnyama.

"Shika shina, Wifi."

"Nimeshika."

"Anza nchani."

"Si ndiyo naanza." Vidole vya Wifi vikazama, halafu kiganja, halafu bangili.

"Wifi, usiende."

"Siendi. Naangalia tu limeanzia wapi." Mkono ukaishia kwenye kiwiko, bega likafuata, na kitana kikaanguka sakafuni. Meneja akasema inabidi mtu amfuate amwelekeze, akachutama karibu na mkia. Baba akasema watoto wa siku hizi hawajui kushika kitu, ngoja awaonyeshe. Dada akabaki amekaa mbele ya viti vitatu vitupu, na mnyama mmoja aliyeanza kutafuna ncha ya taulo.

Siku ya pili yake upepo ulibamiza dirisha la jikoni wakati Dada ameshika fundo la Wifi. Mgeni alishtuka, akaruka hadi juu ya kabati, na bonge zima la manyoya likabaki kati ya vidole vya Dada, na Wifi akiwa ndani yake. Kwenye ubavu wa mnyama pakabaki kipara cha waridi. Dada aliliweka bonge kwenye sahani, akalifunika kwa bakuli lisipeperuke, akamtuliza Mgeni kwanza maana yeye ndiye aliyekuwa anatetemeka. Kisha akaketi kulichambua unywele kwa unywele, na foronya za hoteli zikimsubiri chini. Ilimchukua mchana wote. Wifi alitoka amenuna.

"Ungenivuta tu," alisema. "Nimekaa mkao mbaya, shingo inaniuma."

"Nikikuvuta naye anaumia."

"Basi ungevuta taratibu." Akaenda kutafuta dawa ya shingo, akarudi mlangoni kuuliza dawa ya shingo inakaa wapi.

Dada alikuwa amefika ukingoni. Si kwamba hakuwapenda. Ubaya ulikuwa kwamba aliwapenda, na wao walilijua hilo vizuri kuliko walivyojua mahali panapokaa chumvi. Adhuhuri moja, akiwa amemaliza vitambaa vya meza vya harusi nzima na miguu yake imevimba, alipanda chumbani, akamweka Mgeni mapajani, na badala ya kuchukua kitana akaingiza mkono mtupu kwenye manyoya ya mgongoni. Alitaka naye akae humo kidogo, palipo na joto na ukavu, pasipo na honi. Mkono ukazama hadi vifundo vya vidole, ukagusa ngozi ya moto, na moyo mdogo uliokuwa unakimbia. Ukaishia hapo. Alijaribu nyuma ya sikio. Alijaribu penye mkia. Kila mahali ngozi ilikuwa pale pale.

Mama alikuwa mlangoni, ameshika kikombe cha maji.

"Mimi hanipokei, Mama," alisema Dada.

"Mkono wako anaujua," alisema Mama. "Ukimgusa anadhani umekuja kumchana." Akaja akakaa kando yake kitandani, polepole kwa sababu ya magoti. "Nifundishe mimi."

Dada akamfundisha. Mikono ya Mama ilikuwa mikavu, imepasuka kwa sabuni ya miaka mingi, lakini haikutetemeka. Alishika shina, akaanza nchani, akaingia kidogo kidogo, na vidole vyake havikuzama hata mara moja. Alichana tumbo lote bila Mgeni kuachia hata unywele mmoja. Mnyama akafumba macho.

"Nenda kazini kwako," Mama alisema. "Huyu nitamchana mimi, na hao waliomo nitawatoa mimi. Wewe nenda."

Dada alishuka chini, akafungua kabati la mashuka safi, akaingiza uso kati ya mashuka mawili akalia kwa furaha. Aliyatazama baadaye, akaona yana madoa, akayafua upya.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumapili, na basi lilikuwa la saa sita. Jumamosi jioni Dada alikuwa amemchana Mgeni kutoka pua hadi mkia; kipara kilikuwa kimeanza kuota, wekundu wa kwapani umepungua, na manyoya yalifunguka kila yalipopulizwa. Baba, Meneja na Wifi walikuwa wamekula mezani kama watu, wakamwombea safari njema. Meneja alisema ataamka alfajiri ambebee begi.

Asubuhi, Dada akiwa anafunga begi lake mwenyewe, honi ya gari la hoteli ililia. Gari lile halikuwahi kuja Jumapili, lakini hoteli ilikuwa na mkutano. Nyumba ikanyamaza. Dada aliufahamu ukimya huo hadi pumzi yake. Akavumilia, akakunja blauzi yake ya mwisho, akasubiri kusikia hatua za Mama ngazini. Hakusikia kitu.

Akapanda chumbani. Mgeni alikuwa amekaa kwenye ubao wake, ameshika unyasi kwa mikono miwili. Lile fundo kubwa la ovyo lilikuwa mgongoni. Lile gumu lilikuwa karibu na mkia. Lile dogo safari hii lilikuwa pajani. Na chini ya kidevu kulikuwa na la nne ambalo Dada hakuwahi kuliona, dogo, limekunjwa nadhifu kama pembe ya shuka inavyochomekwa chini ya godoro. Mkunjo huo yeye mwenyewe alifundishwa akiwa mtoto.

Akalifungua kidogo kwa kidole.

"Mama."

"Nipo, mwanangu," sauti ya Mama ilijibu. "Nimeingia kuwaita hawa waje washushe mashuka."

"Basi toka. Basi langu ni la saa sita."

"Natoka sasa hivi," Mama alisema. "Nimekaa kidogo tu. Siku nyingi sijakaa."

Dada alikuwa na kitana mkononi. Fundo lilikuwa jepesi, lingefunguka kwa muda wa kuhesabu soksi. Aliwaza magoti ya Mama na ile ngazi ya mbao. Hakuweza kumvuta. Alilirudishia fundo jinsi alivyolikuta, na kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze alitaka kupiga kelele, lakini kelele zingemshtua mnyama.

Akaketi kufikiri. Kazi haikuwa ya kusubiri. Asiporipoti Jumatatu asubuhi angepewa mwingine. Chupa ya maji ya Mgeni ilitosha mpaka jioni. Hakuweza kumwacha, kwa sababu kila aliyetakiwa kumtunza alikuwa ndani yake. Basi akachukua kizimba, mfuko wa nyasi, kopo la vumbi na begi lake, akashuka.

Dereva wa hoteli alikuwa anaweka mafurushi mlangoni.

"Leo hakuna mtu," Dada alimwambia.

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshaondoka," alisema Dada, akafunga mlango, akaondoka.

Kwenye basi aliketi upande wa kivuli, kizimba mapajani, kitambaa juu. Kondakta alipopita aliuliza ni mnyama gani, akaambiwa. Akainama kidogo, akauliza ni nani anayekohoa.

"Familia yangu," Dada alisema.

"Basi wasishuke njiani," alisema kondakta, akaendelea na kazi yake.

Chumba cha hospitali kilikuwa kama kilivyoelezwa. Kitanda kimoja, kiti kimoja, meza, dirisha linalotazama ukuta mweupe, na mlango. Dada aliweka kizimba mezani, akafunga mlango, akasukuma komeo. Lilikuwa la chuma, limepakwa mafuta, na lilitoa sauti ndogo ya kuridhisha. Akaketi kitandani akaisikiliza sauti hiyo hata baada ya kuisha. Hakuna aliyemwita. Alikaa hivyo hadi jua lilipohama kutoka kitandani hadi sakafuni, na alikuwa na furaha, furaha ya kweli, kiasi kwamba alifikiria kuyaacha mafundo yote kama yalivyo.

Mgeni akaanza kujikuna pajani, kwa nguvu, penye fundo la Wifi. Mnyama hakuwa na kosa lolote. Dada akachukua kitana.

Alimwacha Mama wa mwisho ili aendelee kukaa. Wifi alitoka akatazama pazia, akasema lina vumbi, mtu angelifua. Meneja alitoka, akakalia kile kiti. Baba alitoka, na Dada akamwamkia.

"Marahaba. Mashuka ya hoteli yameisha?"

"Hapa hayaji, Baba."

"Vizuri. Yalikuwa yamezidi." Baba alilitazama komeo, akalisukuma na kulirudisha mara kadhaa, akasema siku hizi hawatengenezi tena vitu imara kama hivi. Meneja aliuliza chakula. Kiti kilikuwa kingine, dirisha lilikuwa jingine, ukuta ulikuwa mwingine, na hakuna aliyeuliza wako wapi.

Mama alipotoka alizunguka chumba kwa macho, kitanda kimoja, meza, mlango.

"Ndipo hapa?" aliuliza.

"Ndipo."

"Pazuri," alisema Mama. Akamshika Dada mkono, akaushikilia kwa muda. Kisha akaanza kuangaza pembeni kutafuta ufagio.

Jumatatu Dada aliingia kazini. Kitengo cha kufulia kilikuwa kikubwa, mashine zake zilikuwa mpya, na wafanyakazi walimwamkia kwa heshima na kumwita Msimamizi. Alilipenda jina hilo, akaligeuza kinywani kila alipopata nafasi. Saa nne kengele ya ghala ililia, mikokoteni ya mashuka ikaanza kuingia, na kelele zake zikasikika hadi kwenye vyumba vya kuishi. Alifanya kazi yake vizuri. Jioni akavua aproni, akachukua nyanya na mkate dukani, akapanda.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Aligonga. Akasikiliza. Kulikuwa na ukimya ule ule, na ndani ya ukimya huo Mgeni aliyekuwa anagaagaa kwenye vumbi lake. Akagonga tena.

"Nani?" iliuliza sauti ya Meneja, ndogo, ya mbali, kavu.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Dada."

Sauti ikaulizana na wengine kwa minong'ono.

"Dada hayupo," ilisema. "Ameenda kazini."

Dada aliweka mkate chini, akaketi sakafuni pale kwenye korido, akaegemeza mgongo mlangoni. Mtu wa chumba cha jirani alipita, akamsalimu, akasema fundi wa milango atakuja kesho asubuhi. Dada akashukuru. Alitoa kitana mfukoni, akaanza kukisafisha jino kwa jino, kwa kuwa mlango ukifunguliwa kutakuwa na kazi.